Baba wa aliyeuawa na babu wa muuaji

Katika mabaraza ya wakimbizi swali hili halituachi: mtoto akiua, familia hizo mbili zitatazamana namna gani? Tunawaletea kisa cha Marekani, ingawa baba mwenye msiba, Azim Khamisa, ni mzaliwa wa Kenya.

Tarehe 21 Januari 1995, mjini San Diego, mwanawe Tariq, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, alikuwa kazini akipeleka piza. Genge la vijana likataka kumnyang'anya bila kulipa. Alipokataa, mkubwa wao wa miaka 18 alitoa amri, na Tony Hicks, wa miaka 14 tu, akapiga risasi.

Azim alisema bunduki ile iliumiza watu wa pande zote mbili. Mwaka huohuo alianzisha shirika kwa jina la Tariq, akakutana na Ples Felix, babu aliyemlea Tony. Hapo tuangalie vizuri: hakuanza na muuaji, alianza na mzee aliyebaki na aibu na huzuni yake. Wakawa wanakwenda pamoja mashuleni kuzungumza na watoto. Tony mwenyewe Azim alimwona gerezani baada ya miaka 5 hivi. Kwa hiyo viongozi, msimharakishe mjane aliyezika juzi.

Tena msamaha huo haukufuta hukumu. Tony alikiri kosa, akafungwa miaka 25 hadi maisha. Alifunguliwa mwaka 2019, na Azim alikuwa ameomba aachiliwe.