Uzingatifu: Kazi ya Kuikumbusha Akili

Uzingatifu ni hali ya mtu kuielekeza akili yake kwa makusudi kwenye jambo linalotendeka wakati huohuo, liwe pumzi, tonge la chakula au maneno ya anayezungumza naye, na kulipokea lilivyo kabla ya kukimbilia kulisifu au kulilaumu. Chimbuko la zoezi hili ni mafundisho ya Wabuddha, ambao katika Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, huliita sati, neno ambalo asili yake hubeba pia maana ya kukumbuka. Maana hiyo ya pili husahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na kiini cha zoezi. Na Kiswahili hapa hakina haja ya kuazima, kwa kuwa kuzingatia ni kuliweka jambo akilini lisiponyoke.

Zoezi hili liliingia hospitalini mwaka 1979, wakati Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia aliyekuwa amejifunza kutaamali kwa walimu wa Kibuddha, alipoanzisha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, mafunzo ambayo baadaye yalipangwa kuwa ya wiki 8, yakiwalenga wagonjwa wenye msongo wa mawazo na maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida haikuwa imeyamaliza. Mambo ya ibada aliyaweka kando, akabakiza mbinu. Somo mashuhuri la mafunzo hayo ni la zabibu kavu moja, ambayo mwanafunzi huitazama mikunjo yake, huipapasa, huinusa, kisha huiweka ulimini na kuitafuna taratibu. Wapo wanaoliona kuwa mchezo wa kitoto, na kucheka si kosa, lakini somo hilo humfichulia mtu ni matonge mangapi amekwisha kuyameza bila kuyaonja.

Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 95, hakuona haja hata ya zabibu, kwani alifundisha kwamba kuosha vyombo kunatosha, mradi anayeosha asiyatangulize mawazo kwenye chai atakayokunywa akimaliza. Katika nyumba za Waswahili mfano ulio wazi zaidi ni kuchambua mchele kwenye sinia, kazi ambayo mikono huizoea upesi kiasi kwamba akili hujiona haihitajiki, ikatoka kwenda kwenye ada ya shule au kwenye neno baya lililosemwa jana, huku vidole vikiendelea kusogeza punje na jicho likiipita changarawe iliyofanana nazo kwa rangi. Mwenye kujizoeza uzingatifu hajaribu kuifanya akili iwe tupu, jambo lisilowezekana, wala hajigombezi anapogundua kwamba imetoka. Huitambua ada kuwa ni wazo la ada, kisha huirejesha akili kwenye sinia, na itakapotoka tena huirejesha tena. Kule kugundua na kurudi ndiko zoezi lenyewe, hata mtu aliyepotea mara 20 katika sinia moja hakushindwa, bali amejizoeza mara 20.

Wingi wa kupotea huko umepimwa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa utafiti uliowauliza watu wazima 2,250, kupitia programu ya simu na kwa nyakati zisizotabirika, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini, ikabainika kwamba kwa karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili haikuwa kwenye jambo lililokuwa likifanyika, na kwamba watu walijisikia vibaya zaidi ilipokuwa imetoka. Washiriki walikuwa wenye simu za kisasa waliojiunga kwa hiari, kwa hiyo takwimu hiyo haifai kubebeshwa binadamu wote.

Waislamu wataikuta hali iliyo jirani katika khushuu, yaani unyenyekevu na kuhudhuria kwa moyo ndani ya swala, ingawa tofauti si ndogo: mwenye kuswali huurejesha moyo wake kwa Mola, ilhali mgonjwa wa Massachusetts huirejesha akili kwenye pumzi tu.

Kuhusu manufaa, sifa zimevuka mpaka wa ushahidi. Mapitio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 47 ya mafunzo ya kutaamali yenye washiriki zaidi ya 3,500, yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona, ambayo ni huzuni nzito ya kudumu, na maumivu, lakini hayakukuta kwamba mafunzo hayo yanashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kwa mtu mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili lililoachwa na tukio la kutisha, kukaa kimya na kuufuatilia mwili kunaweza hata kuamsha kumbukumbu zinazomzidi nguvu, naye huhitaji mtaalamu kando yake. Huko Uingereza, jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari lilitoa matokeo mwaka 2022, nayo yakaonyesha kwamba masomo ya uzingatifu darasani hayakuwapa waliofundishwa afya bora ya akili kuliko wenzao waliofuata ratiba ya kawaida. Ilibainika pia kwamba wengi wa waliofundishwa, wakishatoka darasani, hawakuwa wakijizoeza nyumbani.