Majarida ya tarakilishi ni nguo ya kuazima

Waliotutangulia walituasa kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wasia huu, ambao aghalabu hupewa watu wapendao makuu, sasa wawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu. Mengi ya majarida na vitabu wanavyosoma kwenye tarakilishi za maktaba si mali ya maktaba hizo. Ni vitu vya kuazima, na mwenyewe aweza kuvitwaa masharti yake yakivunjwa.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Chuo kiliponunua kitabu, kitabu kilikuwa chake. Kiliwekwa rafuni, kikaazimwa, kikachakaa, kikatiwa jalada jipya, na mchapishaji hakuwa na la kusema ila pale mtu alipokinakili. Leo, mara nyingi, chuo hakinunui jarida bali ruhusa ya kulisoma kwa muda maalumu. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, nayo ni mkataba. Ada isipolipwa, huenda hata matoleo ya miaka iliyopita yakatoweka.

Basi msomaji ana haki zipi? Kwanza kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 yamruhusu mtu kutumia kazi ya mwenzake kwa kiasi cha haki, kwa ajili ya utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki au kuripoti habari, mradi amtaje mwenyewe. Pili kuna leseni. Hizi hutofautiana, lakini nyingi hukubaliana juu ya mambo ya msingi. Mwanafunzi aliyesajiliwa aweza kusoma, kupakua makala anayoihitaji na kuichapa nakala moja ya kujisomea. Haruhusiwi kumpa mtu wa nje neno lake la siri, kuitawanya makala kwa umma, kuiuza, wala kutumia programu ya kukomba jarida zima.

Hapa ndipo penye hatari. Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili ambaye, kwa kuhofu kwamba intaneti itakatika, aamua kupakua makala elfu mbili kwa usiku mmoja. Mara nyingi mitambo ya mchapishaji haimjui yeye. Yajua anwani ya chuo tu. Hivyo aweza kufungiwa mlango pamoja na chuo kizima. Asubuhi yake, aliyebakiza juma moja kuwasilisha tasnifu akuta hana pa kusoma, na mkutubi aanza kuomba radhi kwa kosa asilolitenda. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Jambo hili si la kubuni. Kati ya mwaka wa 2010 na 2011, kijana stadi wa tarakilishi nchini Marekani, Aaron Swartz, alipakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. JSTOR iliwahi kukikatia chuo hicho huduma kwa siku kadhaa. Swartz alishtakiwa na serikali mwaka wa 2011, na Januari 2013 akajitoa uhai kabla ya kesi yake kusikizwa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Wapo waliomwona mkosaji, na wapo waliosema kwamba adhabu iliyomkabili ilipita kosa kwa mbali.

Hata hivyo, kumlaumu mwanafunzi pekee hakutoshi. Ni nani aliyemweleza? Masharti ya leseni huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, kisha yakafungiwa afisini. Kila maktaba yafaa kubandika kando ya tarakilishi zake ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi na kwa Kiswahili pia, unaotaja yaruhusiwayo na yakatazwayo. Mhadhiri naye, badala ya kuwatumia wanafunzi mia tatu nakala ya makala kwa simu, awape kiungo ili kila mmoja aifungue kwa haki yake mwenyewe.

Yako pia malalamiko yasiyoweza kupuuzwa. Profesa wetu hutafiti, huandika bila malipo, wenzake huikagua kazi yake bila malipo, naye hutia sahihi kumwachia mchapishaji hakimiliki. Kisha chuo chake hutozwa ada ili aisome! Tangu mwaka wa 2003, maktaba zetu zimeungana katika ushirika ujulikanao kama KLISC ili kununua kwa sauti moja. Hilo ni jema, lakini bei isiwe ndiyo hoja ya pekee. Ushirika udai chuo kisipokonywe matoleo kilichokwisha kuyalipia. Udai pia kwamba raia aingiaye maktabani aruhusiwe kusoma humo, jambo ambalo baadhi ya leseni zalikubali tayari. Mwalimu wa shule ya upili, ambaye neno lake la siri lilikufa alipohitimu, angefaidika mno.

Bunge nalo lina kazi. Mwaka wa 2014 Uingereza ilirekebisha sheria yake ili mkataba usiweze kumnyima mtafiti haki ya kunakili kwa kiasi cha haki kwa ajili ya utafiti usio wa biashara. Haki itolewayo na sheria isifutwe kwa sahihi ya mkataba. Mfano huo wafaa kuigwa.

Wakati huo huo, wahadhiri waziweke kazi zao katika hazina huria za vyuo vyao kila mchapishaji anaporuhusu, na waisome mikataba kabla ya kutia sahihi. Nguo ya kuazima na itunzwe, kwa maana imetufaa. Lakini taifa lenye washonaji wengi kama letu halina budi kuanza kushona zake.