Anayeiba intaneti huacha jina la mwenye ruta: Namna ya kuilinda nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MPANGAJI wa Mwanjelwa jijini Mbeya anapowasha ruta ya intaneti chumbani kwake, mawimbi yake hayaishii ukutani. Huvuka hadi chumba cha jirani, uani na pengine barabarani, na kila mwenye simu aliye karibu huliona jina la mtandao huo kwenye kioo chake. Kinachomzuia asiingie si tofali la kuchoma, bali neno la siri.

Huduma hiyo ilisogea karibu na wakazi wa Nyanda za Juu Kusini baada ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, kupitishwa Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Wapo wanaounganishwa kwa kebo hadi nyumbani, na wapo wanaotumia ruta yenye laini ya simu. Kwa vyovyote vile, huduma huwa kwa jina la mtu mmoja, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019. Mvamizi akijiunga kwa siri na ruta ya jirani kisha akaitumia kutapeli watu, kumbukumbu za kampuni ya mawasiliano zitaonyesha laini ya mwenye ruta, si jina la mvamizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa mkosaji. Hata hivyo, mwenye ruta huenda akawa wa kwanza kutakiwa kutoa maelezo.

Wengi hudhani neno la siri ni moja, ilhali ruta ina mawili. La kwanza ni la kujiunga na Wi-Fi, na la pili ni la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Aliye na la pili anaweza kulibadili la kwanza, kumfungia nje mwenye nyumba, au kumpeleka anayetafuta tovuti ya benki kwenye tovuti bandia. Katika ruta nyingi za zamani neno hilo la pili ni "admin", nalo linajulikana dunia nzima. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya namna hiyo yaliyowekwa kiwandani.

Kazi ya kuyabadili haihitaji fundi. Mtumiaji huunganisha simu au kompyuta kwa jina na neno la siri yaliyobandikwa chini ya ruta, kisha hufungua kivinjari na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko hicho, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukurasa huo hufunguka hata kifurushi kikiwa kimekwisha, kwa kuwa umo ndani ya ruta yenyewe.

Hapo lianze kubadilishwa neno la siri la mipangilio, kisha la Wi-Fi. Namba ya simu au jina la mtoto halifai; maneno manne yasiyohusiana ni magumu kubahatisha na ni rahisi kukumbuka. Jina la mtandao nalo lisitaje ukoo wala namba ya nyumba.

Kwa upande wa aina ya ulinzi, ichaguliwe WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, au WPA2 ya mwaka 2004. WEP iachwe kabisa, kwani udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Aidha, WPS, ambayo huunganisha vifaa kwa kitufe au namba ya tarakimu nane, izimwe. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, hivyo mvamizi hahitaji kujaribu mara milioni 100. Mara 11,000 zinatosha.

Kwa wanafunzi wanaochangia ruta moja katika nyumba za kupanga za Kihesa mjini Iringa, lipo jambo jingine: mwenzao akihama, huondoka na neno la siri. Libadilishwe siku hiyo hiyo, kama ambavyo kufuli la mlango lingebadilishwa. Wageni wapewe mtandao wa wageni, ikiwa ruta inao, na orodha ya vifaa vilivyounganishwa ikaguliwe mara kwa mara.

Mwisho, ruta iwekwe mahali ambapo mpita njia hawezi kuifikia. Nyuma yake kuna kitundu kidogo ambacho kikibonyezwa kwa sekunde kadhaa huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Maneno yote ya siri yaliyobadilishwa hufutika, yale ya kwenye kibandiko hurejea, na kazi yote huanza upya.