KAMERA YA KWANZA YA MTOTO: TUNUNUE IPI, NA TUMFUNDISHE NINI?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, wazazi kadhaa wametufuata wakiuliza jambo moja: mtoto anataka kamera, uwezo wetu ni mdogo, je, tumnunulie ipi? Tumeona tulijibu hapa ili wote tufaidike. Lakini kwanza tueleze yaliyotupata sisi wenyewe.

Katika mahafali yetu ya nyuma tulichanga fedha, tukanunua kamera ndogo mpya ya bei rahisi pamoja na kadi ya kuhifadhia picha iliyoandikwa GB 64. Vijana wetu walirekodi kaswida na usomaji wa Qur'an tangu asubuhi. Baada ya swala ya Alasiri wakampiga picha mzee wetu, yule aliyetufundisha alif na be sisi ambao leo ni walimu. Tulipokwenda kusafisha picha, za asubuhi zilifunguka, lakini zile za mchana wote zilikuwa kijivu kitupu. Kadi ilikuwa bandia. Mzee wetu alifariki miezi michache baadaye, na picha yake ya siku ile hatunayo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Hivyo basi, haya tunayoandika tumeyajifunza kwa gharama.

KAMERA INAFANYAJE KAZI?

Wanafunzi, mmewahi kukaa ndani ya nyumba yenye bati lililotoboka mchana wa jua? Kile kidoa cha mviringo kinachoonekana sakafuni ni picha ya jua lenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, vidoa kama hivyo viligeuka vikawa kama hilali. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliichunguza mwanga kwa njia hiyo, kwa chumba chenye giza na tundu dogo. Kamera ni chumba hicho hicho kilichofanywa kidogo. Lenzi imekaa mahali pa tundu, na mahali pa sakafu pamewekwa kibao chenye vijicho vingi mno vya kupokea mwanga. Vijicho milioni moja ndiyo megapikseli moja.

Kamera ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilihifadhi picha kwenye kanda ya kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa. Ubora wake ulikuwa megapikseli 0.01 tu.

SIMU, KAMERA YA KUCHEZEA, AU KAMERA YENYEWE?

Mwaka 2010 viwanda viliuza zaidi ya kamera milioni 120 duniani. Kufikia 2023 hazikufika milioni 10, kwa sababu simu zimechukua nafasi. Tusifichane: simu nzuri hupiga picha nzuri kuliko kamera nyingi za bei ndogo. Lakini ukimpa mtoto simu umempa na intaneti, michezo na watu asiowajua. Kamera ina kazi moja tu, na ndiyo sababu wazazi wengi wanaipendelea.

Kamera za rangirangi zinazouzwa kwa watoto zimegawanyika. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita zinafaa, maana ataidondosha tu. Lakini msidanganywe na maandishi ya boksi. Nyingi huandikwa megapikseli 40 au zaidi, kumbe kibao cha ndani ni kidogo sana na picha inatanuliwa kwa hesabu, kama uji ulioongezwa maji. Ukiwa mwingi haujawa mzito.

Kwa mtoto wa miaka tisa na kuendelea, ushauri wetu ni kamera ndogo ya kampuni inayojulikana, iliyokwisha tumika na bado nzima. Mfano ni Canon PowerShot A480 au Nikon Coolpix L20, zote za mwaka 2009 na zote za megapikseli 10. Anayetaka mpya anaweza kuulizia Kodak PIXPRO FZ45 ya megapikseli 16. Zote tatu hutumia betri mbili za AA.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Megapikseli. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inahitaji megapikseli 2 tu. Kwa hiyo 8 au 10 zinamtosha mtoto, hata akitaka picha kubwa ya kutundika ukutani. Usiongeze fedha kwa ajili ya namba.

2. Kuvuta picha karibu. Kuna kuvuta kwa lenzi na kuvuta kwa hesabu. Kwa lenzi, mdomo wa kamera hutoka nje na picha hubaki safi. Kwa hesabu, kamera inakata kipande cha picha na kukitanua, na matokeo ni ukungu. Muulize muuzaji lenzi yenyewe inavuta mara ngapi. Mara tatu inatosha.

3. Betri. Betri ya AA ni ile ndogo inayopatikana hata dukani mtaani. Hata hivyo, zile za bei ya chini kabisa huisha baada ya picha chache. Nunua nne za kuchaji pamoja na chaja yake, mbili ziwe kazini na mbili akiba. Kamera yenye betri yake maalumu usiichukue bila chaja, kwani kuitafuta baadaye ni taabu.

4. Kadi. Hakikisha inatumia kadi ya SD. Baadhi ya kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi iitwayo xD, ambayo sasa ni adimu. Pia kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2006 hazikubali kadi iliyozidi GB 2. Kwa kamera za 2009 tulizotaja, kadi ya GB 4 au 8 inabeba picha zaidi ya elfu moja, hivyo huna haja ya kadi kubwa.

5. Jaribio. Usinunue kamera iliyokwisha tumika kabla ya kuijaribu. Iwashe na kuizima mara tatu, usikilize kama lenzi inakwaruza. Huku kwetu mchanga wa mwaloni ndio unaoua lenzi kuliko kudondoka. Piga ukuta mweupe, kisha utazame picha: ukiona madoa mahali pale pale katika kila picha, kuna uchafu ndani. Jaribu flashi. Fungua mlango wa betri, na ukikuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma, iache.

KADI BANDIA

Hapa ndipo tulipoumia. Kadi bandia huandikwa GB 64 wakati uwezo wake ni GB 8 au pungufu, na imechezewa ili ikubali kila kitu bila kulalamika. Ikishajaa huendelea kupokea, lakini haihifadhi. Huwezi kuitambua kwa macho. Dawa ni kuijaza. Siku unayonunua, rekodi video hadi kadi ijae, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikifunguka zote, kadi ni salama. Kazi hiyo inachukua saa chache, nasi kama tungeifanya tungekuwa na picha ya mzee wetu leo. Aidha, picha muhimu isikae mahali pamoja. Iweke kwenye kompyuta, na uisafishe walau moja kwenye karatasi.

ADABU YA KAMERA

Wanazuoni wametofautiana juu ya picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuwa inafaa, kwa hoja kwamba ni kivuli kilichozuiliwa. Wengine hawakuruhusu ila kwa dharura, kama vile paspoti. Familia iliyo na msimamo wake imuulize sheikh wake. Mtoto anaweza kupiga ziwa, mawingu, mitumbwi na miti, na akajifunza mengi bila kupiga mtu yeyote.

Ama jambo ambalo halina mgogoro ni idhini. Suratun Nur, aya ya 27, imetufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Lenzi nayo inaingia ndani ya nyumba za watu. Kwa hiyo mtoto afundishwe siku ya kwanza kabisa:

- Asimpige mtu bila kumuomba. Akikataa, aseme "samahani" na kushusha kamera.
- Asiingie na kamera upande wa wanawake harusini, wala mahali watu wanapooga ziwani.
- Asimpige mgonjwa, maiti, wala mwenzake anayelia au kuadhibiwa.
- Bandarini, kituo cha polisi na kambi ya jeshi apige tu kwa ruhusa ya wahusika.
- Asitoe picha ya mtu kwenda kwenye simu za wengine. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inazipa taarifa za watoto uzito wa pekee.

MAZOEZI YA MWEZI WA KWANZA

Mpe mtoto picha kumi tu kwa wiki, mbichi kama yai: akichezea zimekwisha. Wiki ya kwanza apige dagaa walioanikwa, asubuhi na adhuhuri, aone mwanga unavyobadilisha kitu kile kile. Ya pili apige mwembe mmoja wa Ujiji kutoka pande nne. Ya tatu, mikono ya mama akikamua mawese, kwa idhini yake. Ya nne akae na babu au bibi, aombe ruhusa, apige picha moja, na aandike nyuma yake jina na tarehe.

Mwisho, ndugu mzazi, kama fedha haipo usikope. Simu yako kwa nusu saa siku ya Jumapili, ukiwa umekaa naye, inatosha kuanzia. Mwenyezi Mungu amekataza ubadhirifu, na kamera itakayosahaulika kabatini baada ya mwezi ni ubadhirifu. Lakini ukiwa nayo, kubwa au ndogo, basi wazee wako wakiridhia wapige picha mapema, na uhakikishe picha imehifadhika kabla hujaondoka pale.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.