Usomekaji wa Msimbo Chanzo Katika Karatasi: Mtazamo wa Kiisimu

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa Kiswahili kwa kutumia kompyuta umeingiza katika taaluma aina mpya ya matini. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala kuhusu uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kutumia mfumo wa ngazi mbili, mfumo ambao Kimmo Koskenniemi aliuasisi mwaka 1983. Tangu wakati huo kanuni za ngeli, za upatanisho wa kisarufi na za unyambulishaji wa vitenzi zimekuwa zikiandikwa katika programu za kompyuta sambamba na vitabu vya sarufi. Programu ya namna hiyo ni dai la kisarufi, kwa kuwa inashikilia kwamba neno fulani lina viambishi hivi na si vile. Kwa hiyo inapaswa kusomwa, kupimwa na hata kupingwa kama linavyopingwa dai jingine lolote la kitaaluma.

Hata hivyo, dai hilo linapomfikia msomaji likiwa limechapwa kama kiambatisho cha tasnifu, mara nyingi huwa limepoteza sura yake. Mistari mirefu imevunjika ovyo, rangi zilizopendeza katika skrini zimegeuka ukungu wa kijivu, na nafasi za mwanzo wa mistari zimefutika. Mtahini hulazimika kulisadiki au kuliruka.

Mhadhara huu unafafanua namna msimbo wa programu unavyopangwa na kuchapwa ili usomeke. Hoja yake kuu ni kwamba upambanuzi wa sintaksia, yaani desturi ya kutofautisha aina za maneno ya msimbo kwa rangi au kwa sura ya herufi, ni sarufi inayomhudumia msomaji. Katika karatasi, sarufi hiyo lazima isimame kwanza juu ya umbo la herufi na nafasi, ndipo rangi ifuate.

2.0 Matini Moja, Wasomaji Wawili

Msimbo chanzo ni programu jinsi inavyoandikwa na binadamu, kabla ya kugeuzwa kuwa amri za mashine. Matini hii ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni mashine, ambayo husoma herufi moja baada ya nyingine bila kuchoka. Wa pili ni binadamu, ambaye husoma kwa jicho linalotafuta ruwaza. Mfano ufuatao, ulioandikwa katika lugha ya Python, unadhihirisha tofauti hiyo:

def wingi(nomino):
    # ngeli ya KI-VI tu
    if nomino.startswith("ki"):
        return "vi" + nomino[2:]
    return nomino

Mstari wa kwanza unaipa kanuni jina lake. Wa pili, unaoanza na alama ya reli, ni maelezo ya mwandishi kwa msomaji mwenzake, na mashine huyapuuza kabisa. Wa tatu unauliza kama nomino inaanza na «ki». Ikiwa ndivyo, mstari wa nne unaondoa herufi mbili za mwanzo na kuweka «vi» mahali pake. Ikiwa sivyo, mstari wa tano unairudisha nomino kama ilivyo. Kwa kanuni hii, «kitabu» huwa «vitabu», nayo «meza» hubaki «meza». Lakini «kiu» itakuwa «viu», na «kima», yule mnyama wa jamii ya tumbili, atakuwa «vima». Mashine haitalalamika. Anayeweza kuligundua kosa hilo ni mjuzi wa Kiswahili, kwa sharti kwamba msimbo umechapwa kwa namna inayomwezesha kuona kuwa sharti la mstari wa tatu linatazama herufi tu na halitazami ngeli, ingawa maelezo ya mstari wa pili yanadai kinyume chake.

Nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari, ambayo hapa itaitwa ujongezo, ina uzito wa pekee. Katika lugha nyingi za programu, kama vile C, ujongezo ni hisani kwa msomaji tu, kwa kuwa mabano ndiyo yanayoonyesha mipaka ya kila fungu la amri. Katika Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ujongezo ni sarufi kamili. Mstari wa tano ukisukumwa ndani hadi chini ya wa nne, hautafikiwa kamwe, na «meza» haitarudishiwa jibu lolote. Mchapaji anayepoteza nafasi nne za mwanzo wa mstari amebadilisha maana ya matini.

3.0 Historia Fupi ya Upambanuzi

Wazo la kuongeza tabaka la pili la alama juu ya matini, bila kuigusa matini yenyewe, ni la kale. Mapokeo ya maandishi ya Kiarabu, ambayo ndiyo yaliyozaa hati ya Kiswahili ya mwambao, yanamnasibisha Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanasarufi wa karne ya 7, na matumizi ya nukta za rangi kuonyesha irabu katika misahafu. Konsonanti ziliandikwa kwa wino mweusi na nukta kwa wino wa rangi, hivyo msomaji aliweza kutenganisha matini ya asili na msaada wa usomaji. Katika karne iliyofuata, al-Khalil ibn Ahmad anatajwa kuwa ndiye aliyeweka mahali pa nukta hizo alama zenye maumbo tofauti, ambazo ziliweza kuandikwa kwa wino uleule wa matini. Hatua hiyo ya kutoka kwenye rangi hadi kwenye umbo ina funzo kwa mchapaji wa msimbo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

Katika lugha za programu, suala hili lilijitokeza mapema. Ripoti ya lugha ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur na kutolewa mwaka 1960, ilitenganisha ngazi tatu za lugha moja: lugha rejea, lugha ya uchapishaji, na uwakilishaji wake katika mashine. Katika kurasa zilizochapwa, maneno kama begin na end yalionekana kwa herufi nzito na kuhesabiwa kuwa alama moja moja zilizo tofauti na majina ya kawaida. Kwa kuwa mashine za wakati huo hazikuwa na herufi nzito, watumiaji walilazimika kutumia mbinu nyingine, mathalani kuyafunga maneno hayo ndani ya alama za nukuu.

Mnamo miaka ya 1980, mifumo ya Unix kutoka Berkeley ilikuwa na programu iliyoitwa vgrind. Hii iliandaa msimbo kwa ajili ya kuchapwa: maneno tengwa, yaani yale yaliyohodhiwa na lugha, kwa herufi nzito, maelezo kwa herufi za mlalo, na jina la kila kanuni pembezoni mwa ukurasa. Mwaka 1984 Donald Knuth alikwenda mbali zaidi kwa kupendekeza kwamba programu iandikwe kama insha inayomweleza binadamu jambo analotaka mashine ifanye. Alitoa ushahidi wa pendekezo lake mwaka 1986 alipochapisha kama kitabu programu nzima ya TeX, mfumo wake wa upangaji wa chapa.

Upambanuzi wa rangi katika skrini, kwa upande wake, una uhusiano wa moja kwa moja na leksikografia. Miongoni mwa vihariri vya mwanzo kuutumia ni LEXX, kilichoundwa na Mike Cowlishaw wa kampuni ya IBM mnamo mwaka 1985 ili kuwasaidia wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1989. Kidahizo, etimolojia na mifano ya matumizi vilihitaji kutambulika kwa haraka katika matini iliyojaa alama. Haja ya mwanakamusi na haja ya mwandishi wa programu zilikuwa haja moja.

4.0 Kinachopambanuliwa ni Nini?

Istilahi «upambanuzi wa sintaksia» inaweza kumpotosha mwanaisimu. Programu nyingi zinazofanya kazi hii, kama vile Pygments iliyotoka mwaka 2006, huikata matini katika vipashio vidogo na kukipa kila kipashio kategoria yake: neno tengwa, jina, namba, maelezo, au matini iliyonukuliwa. Huo ni uainishaji wa kileksika, unaofanana zaidi na kutia alama za aina za maneno kuliko kuchora matawi ya sentensi.

Hata katika ngazi hiyo muktadha ni lazima. Msomaji wa Kiswahili akikutana na «paa» peke yake hawezi kujua kama ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, au ni kitenzi cha kwenda juu. Vivyo hivyo, neno if katika msimbo ni neno tengwa likiwa peke yake, ni sehemu ya maelezo likiwa baada ya alama ya reli, na ni herufi tu likiwa ndani ya nukuu. Programu inayolikoleza kila mahali huwa inamdanganya msomaji. Aidha, ulinganifu wa vipashio katika sentensi ya msimbo, yaani kipi kimo ndani ya kipi, hauonyeshwi na rangi bali na ujongezo. Ndiyo maana msimbo uliojongezwa vizuri bila rangi husomeka, ilhali msimbo wenye rangi bila ujongezo huchosha.

5.0 Rangi Inapokutana na Karatasi

Skrini hutoa nuru, ilhali karatasi huiakisi. Mandhari yenye herufi nyangavu juu ya weusi, inayopendwa na waandishi wengi wa programu, ikichapwa hivyohivyo humaliza wino na kuacha herufi zilizofifia. Zaidi ya hayo, tasnifu nyingi huchapwa au kurudufiwa kwa wino mweusi pekee. Kanuni moja inayotumiwa sana kugeuza rangi kuwa kijivu huipa nyekundu uzito wa 0.299, kijani 0.587 na buluu 0.114. Katika kipimo ambacho 0 ni nyeusi na 100 ni nyeupe, njano kamili huangukia 89, kijani 59, nyekundu 30 na buluu 11. Maana yake ni kwamba maneno ya njano hupotea katika weupe wa karatasi, na yale ya buluu hayatofautiki tena na meusi ya kawaida.

Kuna pia wasomaji ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hali hiyo humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12. Upambanuzi unaotegemea rangi pekee huwanyima wasomaji hao taarifa ambayo wengine wanaipata.

Hapa ndipo hatua ya al-Khalil inapojidhihirisha upya: taarifa iliyobebwa na umbo hubaki hata wino ukiwa mmoja.

6.0 Kanuni za Uchapaji

Kutokana na maelezo hayo, kanuni sita zinapendekezwa. Kwanza, maneno tengwa yachapwe kwa herufi nzito na maelezo kwa herufi za mlalo. Rangi, ikiwapo, irudie tofauti hizo na isizibebe peke yake.

Pili, zitumike herufi zenye upana sawa, ambazo moja na herufi «l», au sifuri na herufi «O», hazichanganyikani.

Tatu, upana wa mstari upimwe kabla ya kuchapa. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Pambizo za milimita 25 kila upande huacha 160. Katika chapa ya Courier ya pointi 10, mstari wa herufi 80 huhitaji takriban milimita 169, hivyo hautoshi. Katika pointi 9 huhitaji takriban 152, nao hutosha.

Nne, mstari unaolazimika kuvunjwa uwekewe alama mahali unapoendelea, ili msomaji asidhani ni amri mpya.

Tano, mistari ipewe namba, kwani bila namba mjadala wa kitaaluma hauna pa kushika.

Sita, msimbo usipitishwe katika programu ya kuandikia barua inayosahihisha matini yenyewe. Programu hizo hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na mashine haizitambui. Zana mahususi zipo: kwa watumiaji wa LaTeX, kifurushi cha listings, ambacho Carsten Heinz alianza kukitengeneza mwaka 1996, hutimiza karibu yote yaliyotajwa hapa.

7.0 Hitimisho

Taaluma ya Kiswahili ina uzoefu mrefu wa kusoma matini kwa msaada wa alama, kuanzia irabu za hati ya Kiarabu hadi vidahizo vya herufi nzito katika kamusi. Uzoefu huo unatosha kuihukumu kurasa ya msimbo. Kanuni fupi ya mistari mitano iliyonukuliwa katika sehemu ya 2.0 ingeweza kuingizwa katika kisahihishi cha tahajia na kuwafundisha maelfu ya watumiaji kwamba wingi wa «kima» ni «vima». Mwanaisimu asiyejua kuandika programu anaweza kulizuia kosa hilo kwa kusoma mistari mitano tu, mradi mistari hiyo imechapwa kwa ajili yake.