Uchungu wa balungi si dawa ya presha

Mzee mmoja mwenye shinikizo la damu alinijia akilalamika kuwa anapata kizunguzungu na miguu inamvimba. Dawa yake, nifedipine, alikuwa akiimeza sawasawa. Nilipouliza anakunywa nini asubuhi, mkewe alijibu kwa fahari, "Daktari, mimi humkamulia balungi kila siku. Kichungu ni dawa!"

Huenda nawe, msomaji, una imani hiyo. Je, uchungu huo hutoka wapi?

Balungi, chungwa na chenza ni matunda ya ukoo mmoja. Ndani yake kuna viini vinavyounganishwa na sukari mbili. Sukari hizo zikishikana kwa namna moja, hakuna ladha yoyote. Zikishikana kwa namna nyingine, hutokea naringini, ambayo ni chungu sana. Anayeamua ni jeni, yaani agizo ambalo mti umelirithi kutoka kwa wazazi wake.

Mwaka wa 2004 wanasayansi wa Israel walieleza jinsi jeni hiyo inavyofanya kazi katika furungu, lile tunda kubwa lenye ganda nene. Katika chenza, jeni hiyo ni mbovu. Chungwa tamu ni mzao wa furungu na chenza, lakini halina jeni hiyo ikiwa nzima. Balungi ni mzao wa furungu na chungwa, nalo liliurithi uchungu wa furungu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mwaka wa 1989 David Bailey na wenzake nchini Kanada walikuwa wakichunguza dawa ya presha iitwayo felodipine pamoja na pombe. Walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Walishangaa kuona dawa imepanda mno katika damu.

Sababu ni kwamba utumbo una kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Balungi hukizima kimeng'enya hicho, na kidonge kimoja kikawa kama umemeza kadhaa. Kwanza watafiti walishuku naringini. Ilipojaribiwa peke yake, haikuleta madhara hayo. Wenye lawama hasa ni kemikali nyingine ziitwazo furanokumarini.

Kwa hivyo usipime hatari kwa ulimi. Kutia sukari, au kuchagua balungi jekundu lililo tamu zaidi, hakutakusaidia.

Yafaa ukumbuke haya:

Glasi moja yatosha kuleta madhara, na athari yake yaweza kupita siku nzima. Kunywa juisi asubuhi na kumeza dawa jioni si kinga.

Furungu na danzi pia zina kemikali hizo. Chungwa tamu na chenza hazina tatizo hili.

Si dawa zote zinazoathirika. Felodipine, nifedipine na simvastatin, ya kupunguza kolesteroli, ni baadhi ya zinazoathirika. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti, au muulize daktari wako au mfamasia.

Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Acha balungi.

Mzee wetu aliliacha, na kizunguzungu kikapungua. Mkewe angali anamkamulia matunda kila asubuhi, ila sasa ni machungwa.