Kidonge Changu na Kahawa

Mimi ni yule wa kidato cha tatu ambaye matroni humwita kila asubuhi baada ya chai akameze kidonge. Wengine wenu mmevumisha eti nina kifafa. La hasha! Tangu utotoni akili yangu haitulii; nikifungua kitabu, mawazo yamekwisha kwenda sokoni na kurudi. Daktari aliniandikia methilifenideti, na sasa angaa hesabu niliyoianza naimaliza.

Muhula uliopita, usiku wa kuamkia mtihani wa fizikia, nilikunywa kahawa nzito nikakesha. Asubuhi nikameza kidonge kama kawaida, kisha nikaongeza vikombe viwili nisije nikasinzia. Lo! Sijamaliza swali la tatu, moyo ukaanza kunidunda kama ngoma, mikono ikatetemeka hata kalamu ikaniponyoka. Nilitolewa darasani nimeshikwa mabega. Fizikia nilipata alama 31.

Mambo yenyewe ni haya. Mchana kutwa ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo hutuletea usingizi. Kafeini huziba pale inapotua, basi uchovu unao ila huusikii. Kidonge hupitia njia nyingine: huzuia dopamini na noradrenalini zisifyonzwe upesi na seli za ubongo. Njia mbili, lakini zote huishia moyoni. Mapigo na shinikizo la damu hupanda, wasiwasi huingia, usingizi hukimbia. Usipolala, kesho yake akili haitulii, nawe unatafuta kahawa tena!

Tena kafeini haina haraka. Kwa mtu mzima, nusu yake hutoka baada ya saa 5 hivi. Ukiinywa saa nne usiku, saa tisa nusu ingali nawe.

Kikombe cha kahawa huwa na miligramu 95 hivi, chai 40 au 50, kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu 80. Mwaka 2015 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema kijana asipite miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mimi nina kilo 50, yaani 150. Vile vikombe viwili tu vilikuwa 190, na kidonge hakijahesabiwa!

Daktari hakunikatalia chai. Kikombe kimoja asubuhi, baada ya chamcha basi, na nisiruke kidonge eti nipate kunywa kahawa. Kifua kikiuma au nikizimia, hospitali moja kwa moja. Miraa nisiguse kabisa, maana kathinoni iliyomo ni ndugu wa amfetamini.

Nanyi mnaoninong'oneza bwenini niwauzie kimoja wakati wa mtihani, sitauza. Mimi kabla ya kuandikiwa nilipimwa shinikizo la damu, mama akaulizwa kama kuna mgonjwa wa moyo kwetu. Ninyi nani amewapima?